Niambie Ikianza Kuchoma

Jumapili, 5 Januari

Theluji, na upepo wa kutoka ziwani.

Mwalimu wetu wa lugha alitugawia madaftari haya kabla ya likizo. Alisema tuandike mpaka Pasaka, na kila siku tuanze na hali ya hewa ili mkono upate joto kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Alisema pia kwamba hatayasoma, atahesabu kurasa tu. Kwa hiyo nitaandika hapa jambo ambalo sijamwambia mtu.

Jana Bi Ernestine Tolliver alikuja saluni kwa mara ya kwanza tangu apate kiharusi mwezi wa Oktoba. Bi Ernestine alifundisha darasa la tatu katika mtaa huu kwa miaka thelathini na minne. Alimfundisha Mama, alimfundisha Mjomba Cleophus, na nusu ya watu wa upande huu wa jiji la Buffalo bado wanamwita Mwalimu. Tangu Mama afungue saluni, kiti cha kwanza cha Jumamosi saa tatu asubuhi ni chake. Hata Twyla, anayefanya kazi kwenye kiti cha pili na asiyemwogopa mtu, hupunguza redio Bi Ernestine akiingia.

Sasa anatumia kiti cha magurudumu, na sisi tuna ngazi tatu mlangoni. Shemasi Hollis, anayeendesha gari la kanisa, alishika upande mmoja, kinyozi wa jirani akashika upande wa pili, wakamwinua pamoja na kiti chake. Kwenye ngazi ya pili mguu wa Shemasi Hollis uliteleza. Kiti kikalala upande. Kofia ya Bi Ernestine ikaruka ikatumbukia kwenye theluji. Mama alijitupa mbele akalizuia gurudumu kwa kifua chake, na hakuna aliyeanguka. Lakini niliuona uso wa Bi Ernestine. Hakupiga kelele. Alifumba macho kama mtu anayesubiri.

"Nirudishe nyumbani, Hollis," alisema.

"Mwalimu, imebaki ngazi moja tu," Mama alisema.

"Najua kuhesabu, Rochelle. Nirudishe."

Sasa jambo lenyewe. Kutia chumvi kwenye ngazi ili barafu iyeyuke ni kazi yangu, kila Jumamosi kabla ya saluni kufunguliwa. Jana nilikwangua theluji kwa koleo, lakini vidole vilikuwa vimekufa ganzi, nikaiacha ndoo ya chumvi ndani ya mlango na kujiambia nitarudi. Sikurudi. Watu wote wanasema kosa ni la viatu vya Shemasi Hollis. Yeye mwenyewe anasema hivyo.

Jumatano, 8 Januari

Baridi ya kupasua midomo. Shule imefungwa. Nimetia chumvi ngazi mara mbili, ingawa Jumatano saluni haifunguliwi.

Jumamosi, 11 Januari

Mawingu mazito.

Saa tatu ilifika na Mama hakumpa mtu kile kiti. Kilikaa kitupu saa nzima huku wanawake wawili wakisubiri.

"Shoga, unamwekea nani?" Twyla aliuliza. "Gavana?"

"Namwekea mwenyewe."

Lakini baadaye, nikiwa stoo nakunja taulo, niliwasikia wawili hao upande wa pili wa pazia. Mama alisema polepole, "Nikuambie ukweli? Natamani asirudi mpaka kiangazi. Akianguka mlangoni kwangu nitamwambia nini Mungu? Nitawaambia nini watu wa mtaa huu?"

Nilishangaa kwamba huyo ni Mama. Mchana kutwa sikuweza kumtazama vizuri.

Jumapili, 19 Januari

Theluji tena.

Bi Ernestine hayupo kanisani kwa wiki ya kumi na nne. Shemasi Hollis anasema amefunga kichwa kitambaa na hataki wageni. Bi Ernestine alimwambia kwamba mtu ambaye hajatengenezwa nywele hana sababu ya kutoka nje, na kwamba msusi wake ana ngazi tatu.

Mama alisikia. Tulipofika nyumbani alimpigia simu kaka yake, Mjomba Cleophus, anayetengeneza sakafu za nyumba za watu, akamwambia anataka njia ya mteremko mlangoni kabla ya Pasaka. Sikuelewa. Wiki iliyopita alitamani asirudi.

Jumamosi, 1 Februari

Jua kidogo, barafu chini.

Mjomba alileta mbao. Kutoka mlangoni mpaka njia ya waenda kwa miguu kuna futi tisa, na ngazi zetu zina kimo cha inchi ishirini na moja. Alilaza mbao kutoka juu mpaka chini, akazipiga teke, akasema kazi imekwisha.

"Hiyo ni kali sana, Cleophus," Mama alisema.

"Nimepandisha mashine za kufulia kwenye mlima mkali kuliko huu."

"Mwalimu si mashine ya kufulia."

Twyla alisema watu waache maneno, yeye atajaribu. Akakaa kwenye kiti cha magurudumu tulichoazima kanisani, Mjomba akamsukuma mpaka katikati.

"Umenishika?"

"Nimekushika."

Hakuwa amemshika. Kiti kilirudi kinyumenyume, kikakata njia ya waenda kwa miguu na kujikita kwenye lundo la theluji kando ya barabara. Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega, na Twyla naye alicheka, wigi lake likiwa limejaa theluji. Mimi sikucheka. Basi la abiria lilikuwa limepita pale pale sekunde chache kabla.

Jumatatu, 3 Februari

Mvua ya barafu.

Nilimuuliza mkutubi wa shule kuhusu njia za viti vya magurudumu. Kanuni ni kwamba kila inchi moja ya kimo inataka futi moja ya urefu. Sisi tunahitaji futi ishirini na moja. Nilimpelekea Mjomba karatasi. Aliisoma mara mbili, akasema, "Huyu mtoto anasoma mno," kisha akaenda kuzing'oa mbao zake.

Jumamosi, 8 Februari

Theluji nyepesi.

Mjomba alipata jibu jingine. Mlango wetu wa nyuma, unaotokea kwenye kichochoro cha mapipa ya taka, una kizingiti kimoja tu. Ubao mmoja mfupi, siku moja ya kazi. Mama alifurahi hadi akaoka keki, tukampelekea Bi Ernestine habari nyumbani kwake.

Alitupokea sebuleni na kitambaa chake kichwani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala mapajani kama glavu. Alimsikiliza Mama mpaka mwisho, akamwacha amalize hata maelezo ya taa mpya ya kichochoroni.

"Mlango wa nyuma," alisema.

"Ni tambarare kabisa, Mwalimu. Hutabebwa na mtu."

"Rochelle. Baba yangu kule Alabama alikuwa akipokea chakula chake kwenye mlango wa jikoni, nyuma, penye mapipa, kwa sababu mlango wa mbele haukuwa wa watu weusi kama yeye. Alipanda treni akaja kuganda huku ili mimi nipite mbele. Sitapita nyuma. Si kwao, na si kwako."

Kisha akamwomba Mama anikatie mimi kipande cha keki kwa sababu nimekonda.

Mama aliendesha gari mpaka taa ya pili ya barabarani. Kisha akasema, "Sikufikiria. Nilikuwa nafikiria inchi."

Ijumaa, 14 Februari

Baridi. Saluni ilijaa wanawake wanaotoka na wapenzi wao jioni.

Mama alimtia mteja dawa ya kunyoosha nywele, akamwambia maneno anayomwambia kila mmoja: "Niambie ikianza kuchoma." Mama hapimi dawa kwa saa. Anasema vichwa havifanani, kichwa chenyewe kitamwambia. Yule mteja alikuwa anabishana na Twyla kuhusu wanaume, na ghafla akaruka, "Inachoma, inachoma," na watu wote wakapisha njia huku wakicheka, naye akakimbilia kwenye beseni na shuka lake likipepea.

Nilimwosha mimi. Wakati namwosha nilianza kuogopa kitu kipya. Bi Ernestine hawezi kukimbia.

Alhamisi, 20 Februari

Theluji. Nimemwambia Mama kuhusu kukimbia. Alisema amekuwa akiliwaza hilo tangu Oktoba na halali.

Jumamosi, 1 Machi

Barafu inayeyuka mchana na kuganda tena jioni.

Kibali cha jiji kimetoka. Njia ya mteremko itakuwa mbele, itapanda sambamba na dirisha, itageuka kwenye jukwaa dogo, kisha itapanda tena mpaka mlangoni. Mjomba ameng'oa benchi na masanduku ya maua. Twyla amenuna kwa sababu wapita njia hawataona tena kiti chake dirishani.

"Miaka tisa napendezesha dirisha hili," alisema. "Sasa wataona miguu."

"Wataona miguu inayoingia," Mama alisema. "Wewe uliwahi kuona mtu wa kiti cha magurudumu akiingia hapa?"

Twyla alifikiri. "Hapana."

"Wako mtaa mzima. Wanakwenda wapi?"

Twyla hakununa tena, au alinuna kimyakimya. Alasiri alikuja na kopo la mchanga, akamwambia Mjomba auchanganye kwenye rangi ili magurudumu yasiteleze.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua.

Tumeondoa draya moja ya kukaushia nywele ili kiti kipite. Mama amenunua trei ya plastiki yenye kikato cha shingo. Inakaa juu ya mabega, mteja anabaki kwenye kiti chake mwenyewe bila kukunja shingo nyuma, na maji yanateremka kwenye trei mpaka ndani ya beseni. Ndivyo inavyosema picha ya kwenye boksi. Mara ya kwanza nilipofanya mazoezi na Mama, maji yote yalimwingia mgongoni. Mara ya pili, nusu.

"Marvelle, mwanangu," alisema akiwa ameganda, "kama hunipendi niambie tu."

Mara ya tano alibaki mkavu. Kisha tulipima muda, yeye akiwa kwenye kiti cha kanisa, breki zimefungwa, kichwa kimejaa sabuni. Kutoka kwenye kioo mpaka maji kumgusa kichwani: sekunde arobaini. Tulirudia mpaka zikawa thelathini na tano. Mama anasema zinatosha. Nimeziandika kwenye kiganja changu.

Jumapili, 16 Machi

Upepo. Kitu kimoja. Leo kanisani Shemasi Hollis aliwaonyesha watu viatu vyake vipya vyenye meno, akasema hatamwangusha tena mzee wa watu. Watu walicheka. Nilitoka nikaenda chooni nikakaa huko mpaka mahubiri yakaanza.

Jumamosi, 22 Machi

Theluji ya mwisho, natumaini.

Amekuja. Nilitia chumvi saa moja, saa moja na nusu, na saa mbili, mpaka ikasagika chini ya viatu. Mwanzoni Bi Ernestine alikataa kusukumwa. Alikaa pale njia inapoanzia, akaitazama, akamuuliza Mjomba, "Umepima mwenyewe, Cleophus?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Maana hesabu yako naijua."

Alimruhusu Hollis amsukume mpaka kwenye jukwaa tu. Kutoka hapo alijisukuma kwa mkono wa kulia na mguu wa kulia, polepole, na sisi sote tulisimama mlangoni. Alipofika chini ya kipaa cha juu ya mlango, donge la theluji lilidondoka kutoka juu likamwangukia shingoni, upande wa kushoto, likaingia ndani ya kola. Nilishtuka. Yeye wala hakutikisika. Aliendelea kumweleza Mama jambo fulani, na maji yalikuwa yakimtiririka ndani ya koti. Labda wazee wameizoea baridi.

Leo tulimwosha na kumsokota tu. Hakukunja shingo, hakulowa. Alipojiona kiooni alitoa leso. Mama alimwambia, "Umerudi, Mwalimu," naye akasema, "Nusu."

Sijawahi kumwona Mama akifagia huku anaimba.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua. Amekuja tena. Wamekuja pia kijana wa kike mwenye magongo, na mama mmoja na binti yake asiyeona. Twyla alimsuka yule binti akamwelezea kila kitu kilichopo dirishani, mpaka miguu.

Jumamosi, 5 Aprili

Mawingu. Hakuna jambo. Naandika tu kwamba siogopi kama zamani.

Jumamosi, 12 Aprili

Jua. Siku ya kwanza ya jua kamili.

Sasa ni saa kumi na moja jioni na mikono yangu bado inanuka dawa. Nitaandika kwa utaratibu kama tulivyofundishwa.

Kesho ni Jumapili ya Matawi, kwa hiyo saluni ilijaa. Bi Ernestine aliingia saa tatu kamili. Wanawake walimpigia makofi, akawaambia waache, yeye si bibi harusi. Akamwambia Mama anataka dawa.

Mama alisita. "Daktari anaruhusu?"

"Daktari anashughulika na mkono na mguu. Nywele ni kazi yako. Mizizi imerudi yote, Rochelle. Pasaka sitaki kukaa kiti cha mbele nikionekana kama niliyetoka kulala."

Mama alifanya kila kitu. Alimpaka mafuta ya mgando kwenye mipaka ya nywele na masikioni. Alivaa glavu. Alinituma nisimame karibu na beseni na trei mkononi, maji ya uvuguvugu yakiwa tayari. Alianza nyuma, upande wa kushoto, kama anavyoanza na watu wote.

"Niambie ikianza kuchoma, Mwalimu."

"Nitakuambia."

Twyla alikuwa anasimulia habari za mwanamume aliyemletea samaki wa kukaanga Ijumaa, akakaa akawala mwenyewe wote. Watu walikuwa wanacheka. Mama alimaliza kushoto, akahamia kulia.

"Inachoma?"

"Bado, mwanangu."

Alimaliza kulia, akaanza kulainisha kwa mgongo wa chanuo. Bi Ernestine aliinua mkono wake mzima akaonyesha juu ya sikio la kulia. "Huku inaanza kidogo. Kidogo tu, si ya kuamka."

"Na kwingine?"

"Kwingine kuzuri."

Mimi nilikuwa naangalia kutoka kwenye beseni. Nilifikiri, mbona kulia kunaanza kwanza, wakati kushoto kumepakwa kwanza? Kisha nikaliona lile donge la theluji. Nililiona kabisa, likiteleza ndani ya kola, na yeye akiendelea kuzungumza.

Nataka kuandika kwamba nilisema papo hapo. Sikusema. Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu na dakika thelathini na nne. Nilikuwa na miaka kumi na moja niliposema mara moja, mbele ya mteja, kwamba dawa yake imekaa sana, na Mama aliniambia kwa sauti ya chini kwamba msichana wa kuosha anaosha. Mama ana miaka ishirini na miwili katika kazi hii. Bi Ernestine ni Bi Ernestine. Kama anasema kuzuri, ni nani mimi wa kusema si kuzuri? Na kama nimekosea, nitakuwa nimemwambia mbele ya watu wote kwamba mwili wake umekufa upande mmoja. Niliwaza hayo yote nikiwa nimeishika trei, na mshale ukafika thelathini na nane.

Dakika nne. Januari nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimekosa. Leo nilinyamaza kabla.

Niliweka trei chini. Nilitembea mpaka kwenye kiti. Sikujua namna ya kusema, kwa hiyo nililishika sikio lake la kushoto kwa vidole viwili, nikalibana, kwa nguvu.

"Bi Ernestine," nilisema, "nimekushika wapi?"

Macho yake yaliinuka kwenye kioo. Alikuwa anautafuta mkono wangu.

Twyla alinyamaza katikati ya samaki wake. Mama aliuona mkono wangu, akaliona sikio, na nikaona uso wake ukibadilika rangi.

"Maji," Mama alisema. Hakupaza sauti.

Twyla alipiga teke kiti kidogo kilichokuwa njiani. Mama alifungua breki akamgeuza. Sijui zilikuwa sekunde ngapi. Trei ilikaa mabegani, maji yakashuka, nami niliosha huku nikihesabu kwa sauti bila kujua. Upande wa kulia ulikuwa salama. Nyuma ya sikio la kushoto, Mama alipotenga nywele, ngozi ilijikunja kama utando wa juu ya maziwa yaliyochemka. Chini yake palikuwa pekundu na pabichi, upana wa kidole gumba changu.

Draya tu ndizo zilizokuwa zikivuma.

"Kuna nini?" Bi Ernestine aliuliza. "Mbona mmenyamaza?"

"Umeungua, Mwalimu," Mama alisema.

"Wapi?"

Hilo neno ndilo linalonirudia. Aliuliza kama mtu anayeuliza habari za nyumba ya jirani.

Shemasi Hollis alimpeleka zahanati na taulo mabegani. Mama aliketi kwenye kiti cha saa tatu akiwa bado na glavu. Nilimwambia kuhusu theluji ya shingoni. Sikumwambia kuhusu zile dakika nne. Zimo humu tu.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua. Bi Ernestine hakuja kanisani. Mama alikuja lakini hakuimba.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Mama amepiga simu mara tatu. Mpwa wa Bi Ernestine anasema shangazi amelala.

Twyla anasema anamjua mwanamke wa upande wa Magharibi aliyefungiwa duka kwa sababu ya ukucha mmoja wa mteja. "Ukucha, shoga. Na ulikuwa wa bandia." Mama akamwambia anyamaze. Twyla akaenda nyuma, na niliposogeza pazia nilimkuta anafuta macho kwa taulo chafu.

Alhamisi, 17 Aprili

Ukungu.

Nilimkuta Mama dirishani akiitazama njia ya mteremko. Mtu alikuwa ameweka chungu cha maua kwenye jukwaa.

"Nilitengeneza njia," alisema, "nikamleta juu mpaka ndani aje aungue."

Nilitaka kumwambia kwamba sasa naelewa alichosema stoo mwezi wa Januari, kwamba haikuwa kutopenda. Lakini hajui kwamba nilisikia. Nilimletea chai.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Baridi imerudi. Tumefunga saluni. Hakuna simu.

Jumamosi, 19 Aprili

Theluji, siku moja kabla ya Pasaka. Nyembamba, inayoshika ngazi na kuteleza.

Niliamka mapema nikatia chumvi njia yote, kutoka chini mpaka juu, na jukwaa, na kando ya barabara anapoegesha Shemasi Hollis. Nilipomaliza nilirudia. Mama aliniona lakini hakusema kwamba ni bure.

Saa tatu kasoro kidogo kiti kilikuwa kitupu. Wateja wanne walikuwa wakisubiri na hakuna aliyekiulizia. Saa tatu ikafika. Ikapita dakika tano. Twyla alizima redio kabisa. Ikapita dakika kumi.

Kisha nikasikia chumvi ikisagika.

Aliingia kwa mlango wa mbele, akijisukuma, kofia kichwani na kiraka cheupe kimechomoza nyuma ya sikio. Shemasi Hollis alibaki kizingitini. Bi Ernestine alikwenda mpaka mbele ya kioo cha Mama, akafunga breki yake mwenyewe.

"Rochelle, nilijua," alisema. "Tangu hospitali. Kichwa, sikio, shingo, upande huu wote. Mpwa wangu hunichania na simhisi. Niliogopa ukijua utanikataa. Ungesema, Mwalimu, tungoje. Na mimi nimengoja vya kutosha. Kwa hiyo nilikudanganya, mbele ya mtoto wako."

Mama alijaribu kusema ni kosa lake. Bi Ernestine aliinua kidole kimoja, kile ambacho nadhani kilinyamazisha darasa la tatu kwa miaka thelathini na minne.

Ndipo mimi nikasema. Sikupanga. Nilisema chumvi ya Januari ilikuwa kazi yangu na sikuitia, na kwamba haikuwa viatu vya Shemasi Hollis. Nilisema pia kwamba wiki iliyopita nilijua dakika nne nzima kabla ya kuja kwenye kiti. Sauti yangu ilikuwa ndogo lakini saluni ilikuwa kimya, kila mtu alisikia.

Bi Ernestine alinitazama kiooni. "Dakika nne," alisema.

"Ndiyo, Bi Ernestine."

"Mimi miezi sita." Kisha akageuza kichwa kuelekea mlangoni. "Na wewe, Hollis, nimekusema kwa watu tangu Januari."

"Nilisikia, Mwalimu."

"Basi sikia na hili. Niwie radhi."

"Viatu nimeshanunua," Shemasi Hollis alisema, na Twyla akacheka kwa pua, na watu wakapumua.

Hakutaka dawa, wala Mama asingempa. Alitaka kusokotwa kwa ajili ya kesho. Lakini Mama hakuanza. Alichukua chanuo lenye mkia mrefu, akalitazama, kisha akaninyooshea mimi.

"Wewe ndiye uliyejua pa kushika," alisema. "Tafuta mpaka kati ya panapohisi na pasipohisi. Kuanzia leo hakuna kichwa kitakachoguswa humu kabla ya kuulizwa hivi, kiwe cha nani."

Twyla akasogea kunishika kiwiko. Bi Ernestine alivua kofia. Alifumba macho, kama siku ile kwenye ngazi ya pili, na nikaogopa kama siku ile. Nilianza juu ya sikio la kushoto, mbali na kiraka, nikagusa kwa ncha ya mkia.

"Hapa?"

"Hapana."

Nikasogea upana wa kidole kuelekea utosini. "Hapa?"

"Hapana."

"Hapa?"

Mama alikuwa nyuma yangu na kalamu ya nyusi, tayari kuchora alama. Nikasogea tena, nikavuka mstari wa katikati kidogo tu, nikagusa.

"Hapo," alisema Bi Ernestine, macho bado yamefumbwa. "Hapo nipo."